Namba Inayofuata Baada ya 3,613

Kichwa changu kinakataa, jamani. Nehemia, fundi mwenzangu wa ujenzi, jana tumemzika kwao Chamwino.

Tulijuana site, kwenye ile nyumba ya mawe ya enzi za Mjerumani karibu na reli. Tuliitwa kuiongezea ukuta. Nehe akapima kona ya zamani kwa kamba yetu ya tatu-nne-tano, ile pembetatu ya kuhakiki kona. Skwea kabisa, nyuzi tisini! Nikasema, "Mjerumani alikuwa fundi, bwana." Akanijibu, "Mjerumani alishika kiboko. Kamba walishika babu zetu."

Mchana, tukisubiri ugali, akaanza mambo yake. Ile tano ifanye upande mfupi, unapata 5, 12, 13. Chukua 13, unapata 13, 84, 85. Kila upande mrefu unazaa pembetatu nyingine, na kona inabaki skwea. Akaandika kwa mkaa kwenye mfuko wa saruji: 3, 5, 13, 85, 3,613.

"Hiyo ya mwisho kamba yake inaanzia mtaa wa Majengo, inapita Chang'ombe, na boss bado anauliza tumefika wapi." Nilicheka mpaka nikapaliwa.

Nilimwonea wivu, sifichi. Kamba ile nimeifunga miaka yote, sikuwahi kuiuliza kitu. Nikajipoza kwamba angalau kanipa mimi peke yangu.

Kumbe! Jana msibani Hawa, dada wa Kondoa anayetuuzia kokoto, kasimama kutoa rambirambi. "Nehe alinifundisha tatu, tano, kumi na tatu..." Umati ukaitikia, "Themanini na tano!" Foreman wetu anaijua. Mama mkwe wa Nehe anaijua! Wivu ulinikaba mpaka machozi yakakauka.

Ndiyo maana tulipoanza kujengea kaburi niliing'ang'ania kamba.

"Nipe hiyo kona, ndugu yangu," foreman akasema.

"Shika kwingine. Kona ya Nehe naishika mimi."

Hawa akamvuta foreman mkono. "Mwache, baba."

Nehe, wote wanaishia 3,613 kwa sababu wewe uliishia hapo. Leo nimekaa na simu, nimeizidisha hiyo 3,613 yenyewe kwa yenyewe, nimejumlisha moja, nimegawa kwa mbili, kama ulivyonionyesha. Inayofuata ninayo.

Hawa, foreman, msinifuate inbox. Siitoi ng'o. Hii ni yangu na Nehe.

Lala unono, kaka. Kona zako nimezihakiki zote, ziko skwea.