Chupa Moja kwa Ng'ombe Wanne

Nakumbuka asubuhi moja pale Sange, mwanangu, nilipojiona munganga, daktari kamili. Nilikuwa kijana, nikiwatunza ng'ombe wanne wa shangazi yangu Feza, aliyekuwa ameshuka Uvira kumsaidia binti yake aliyejifungua. Mmoja wao, Gaju, kiwele chake kilivimba, maziwa yakawa yanatoka na mabonge. Munganga wa mifugo akaja, akaniachia chupa ya antibiotiki na sindano. Nimchome siku tano, akasema, na maziwa yake tuyamwage mpaka atakaporudi kumwangalia.

Siku ya pili uvimbe ukashuka, nikaacha kumchoma Gaju. Nikaona dawa isikae bure, nikawachoma wale watatu wazima, kidogo kidogo, ati nao wasije wakaugua. Maziwa ya Gaju nikayapeleka sokoni pamoja na mengine. Ujana huo! Nilitaka shangazi arudi anisifu.

Aliporudi, kiwele kilikuwa kimevimba tena. Nikanunua dawa ileile kimyakimya, bila kumwita munganga wa mifugo, nikamchoma Gaju. Mara hii haikufanya kitu. Shangazi akamkamua Gaju mwenyewe, na kidole gumba alikuwa amejikata akimenya mihogo. Siku ya tatu mkono wake ulikuwa umevimba hadi kwenye kiwiko.

Tukampeleka hospitali Uvira. Dawa ya kwanza haikumsaidia, ya pili vilevile. Munganga wa hospitali akauliza habari za nyumbani, na hapo ndipo nikasema yote.

"Vidudu vyenye viko mu huu mukono vimezoea dawa," akasema. "Pengine vimetoka kwa ule ngombe."

Dawa ya tatu ndiyo iliyomwokoa, lakini kidole kile hakikukunjika tena maisha yake yote. Nilipiga magoti kando ya kitanda. Hakunipigia kelele.

"Ulichoma ngombe ngapi?"

"Zote ine, shangazi."

"Na ile tatu, ilikuwa na ugonjwa gani?"

"Haikukuwa na ugonjwa."

Akaniwekea kichwani ule mkono mzima. "Basi weye ulifundisha vidudu kupigana na dawa. Minye siko na hasira, mutoto wangu. Lakini usirudilie. Na usinifichake tena."

Nililia kuliko ningelia kama angenichapa.

Sasa nasikia umepata ng'ombe wako wa kwanza kule Katogota, na moyo wangu unacheka. Mwanangu, usimchome kabla munganga hajamwona. Akisema siku tano, ziwe tano, hata kama mnyama amekwisha kuchangamka. Mzima mwache na uzima wake. Maziwa ya mgonjwa yamwage, roho ikiuma iume. Kabla na baada ya kukamua, nawa kwa sabuni. Na ukikosea, sema siku ileile. Mimi nilinyamaza, na aliyeumia si mimi.

Mungu akuzidishie ng'ombe na nyasi, na wajukuu zangu wayanywe maziwa yako wanenepe, nami nikiwatazama bila hofu. Nenda mwanangu, nimekubariki.