Jembe na Treni za Mezani

Babu wa mchumba wa mdogo wangu hakutaka mengi. Mablanketi tulete tukipenda, suti ya baba mzazi tukiweza, vitenge vya akina mama tujue wenyewe. Kitu kimoja tu alikishikilia: jembe. Si jembe la dukani lenye rangi ya kijani na karatasi ya bei. Alitaka jembe la chuma, lenye tundu la mpini, lililokwisha lima. Jembe jipya, alimwambia mshenga wetu, halijamlisha mtu. Asiyeleta jembe la namna hiyo hajaja kuoa, amekuja kusalimia.

Mshenga alipotupa habari hizo kwa simu, ukoo mzima ulinigeukia mimi. Mdogo wangu yuko Columbus, anasoma, amepanga karibu na chuo kwenye nyumba yenye majani ya kutosha kutandika mkeka mmoja. Mimi naishi Louisville, mtaa wa Beechmont, na hakuna asiyejua kwamba tangu tulipoletwa Marekani kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania sijakosa soko la vikuukuu. Kochi langu limetoka huko, na sufuria zangu, na koti nililovaa kwenye mazishi ya mjomba. Nikawajibu kwa kiburi changu chote: "Jembe tu? Jumamosi hii hii mtalipata."

Mdomo huponza kichwa.

Soko lenyewe lilikuwa kwenye ukumbi mkubwa wa maonyesho. Upande mmoja vikuukuu, upande wa pili treni za mezani: wazee wa Kimarekani waliojenga miji mizima juu ya mbao, na reli na madaraja na vituo, na vitreni vifupi kuliko mche wa sabuni vikizunguka na kupiga honi. Tiketi moja iliingia pande zote mbili. Miaka yetu ya mwanzo ulipata pale cherehani ya mguu, shoka, vikaango vya chuma vinavyoweza kukuvunja kidole. Ukichoka, unahamia kwenye treni. Wazee wale walikuwa wakali. Ukinyoosha kidole tu, unakemewa kama umemgusa mke wa mtu. Lakini treni zilikwenda, na mimi nilizipenda kwa hilo. Nimekulia mahali ambapo kutoka nje ya kambi bila kibali ni kesi. Kuona treni inakwenda inakotaka na haiulizwi karatasi kulinifurahisha, nasema kweli.

Jumamosi ile nilikuta soksi. Meza ya kwanza soksi, ya pili makava ya simu, ya tatu soksi tena, ya nne mishumaa ya kunukia, ya tano panga za mapambo zisizoweza kukata ndizi mbivu. Mama mmoja aliuza kibao cha kale, hivyo ndivyo alivyokiita, na nyuma yake bado kulikuwa na karatasi ya kiwanda. Nilipomuuliza muuza soksi kama ana jembe, alifikiri kidogo, akaniletea soksi zenye picha ya trekta.

Nikahamia upande wa treni. Nusu ya meza hazikuwa na treni yoyote. Ziliuza fulana zenye picha za treni. Treni kubwa kuliko zote ilisimama tu, maana mwenyewe alikuwa amesahau waya wa umeme nyumbani. Watu wakaipiga picha hivyo hivyo, wakaenda zao wameridhika. Yule mzee aliyenikemea miaka yote akaniambia nishike ninachotaka. Hapo ndipo nilipojua kwamba mambo yameharibika.

Wiki iliyofuata nikaendesha gari hadi Columbus, kwenye soko jingine la namna ile. Mdogo wangu akanisindikiza akiwa na simu mkononi.

"Dada, si tuagize mtandaoni?"

"Jembe lililolima utaliagiza kwa nani, kwa marehemu?"

Ukumbini mtu wa kwanza kunisalimia alikuwa yule yule muuza soksi wa Louisville. Alifurahi kuniona kama tumezaliwa pamoja. Upande wa treni palikuwa na moja tu inayotembea. Mwenyewe aliiendesha kwa simu, na kwenye simu hiyo hiyo alikuwa akitazama mpira. Ilipofika darajani ikaanguka na mabehewa yake yote. Hakuna aliyegeuka, hata yeye.

Mimi nilicheka mpaka mbavu zikauma. Mdogo wangu hakucheka. Alikaa kwenye ngazi za nje, akasema polepole, "Dada, yule babu yake ananikataa. Hanitaki, ndiyo maana ameomba kitu kisichokuwepo." Macho yalikuwa mekundu. Anampenda yule binti, na nilikuwa sijamwona mdogo wangu akilia tangu akiwa mtoto. Nikamwambia jembe litapatikana, na safari hii sikusema kwa kiburi.

Siku ya mahari ilifika bila jembe. Nyumbani kwa bibi harusi Buffalo, kwenye mtaa wa West Side, viti vya kanisa vilikuwa vimeshapangwa na pilau iko jikoni. Mimi, na kitenge changu cha sherehe, nikatoroka kwenda kwenye ukumbi wa soko la huko kujaribu mara ya mwisho. Muuza soksi alinipungia mkono kutoka mbali. Sikuwa na nguvu hata za kumtukana.

Upande wa treni kulikuwa na mzee mmoja tu aliyejua anachofanya. Treni yake ilikwenda, taa za vituo zilifanya kazi. Nikasimama kumtazama kwa huzuni, ndipo nikaona kwamba mguu mmoja wa meza yake ni mfupi, na chini yake kuna kitu cha kuusawazisha. Nikainama na kitenge changu chote. Chuma. Tundu la mpini. Makali yameliwa na udongo mpaka yamepinda.

"Mzee, unauza hiki?"

"Treni gani?"

"Si treni. Kilichoko chini ya mguu."

Akacheka. Akasema hilo ni jembe la mama yake, lililima viazi miaka yote ya utoto wake, na tangu aanze maonyesho hakuna aliyewahi kuliuliza. Angenipa bure, shida ni kwamba nikilitoa treni itaanguka. Nikakimbia kwa rafiki yangu muuza soksi, nikarudi na furushi la soksi, tukalishindilia chini ya mguu. Treni ikayumba kwenye kona, ikapita. Kwa mara ya kwanza soksi zile ziliokoa mtu.

Nilifika mshenga akiwa amemaliza maneno yote ya kuvuta muda. Jembe likawekwa kwenye sinia, likafunikwa, likapelekwa mbele ya babu. Mjomba mmoja wa kwao alikuwa akisimamia mambo kwa simu kutoka Bukavu, amewekwa juu ya meza na sauti imefunguliwa. Mimi nilikuwa nimejiandaa kupigiwa vigelegele.

Babu alilifunua. Akapitisha kidole gumba kwenye makali, taratibu, mpaka mwisho.

"Bon," akasema kwa Kiswahili chake cha Kongo chenye Kifaransa ndani. "Hii jembe nilijua haiko. Niliitafuta mu masoko yote ya huku, mwaka muzima, na huyu mujukuu wangu ndiye alikuwa ananipeleka na gari. Masoksi tu. Donc nikasema, siku watakuja kumuomba, nitaomba jembe."

Akalirudisha jembe kwenye sinia.

"Nani atanipeleka ku hospitali? Nani atanielezea vile docteur anasema? Munanijibu?"

Kutoka chumbani binti akasema kitu kwa Kiingereza, kwamba Columbus si mbali, lakini sauti yake ilikatika katikati. Mdogo wangu alitazama chini. Mimi niliyelisaka jembe lile miji mitatu nikalifunika tena.

Babu alifuta macho kwa kofia yake, akaishika kwa mikono yote miwili magotini.

"Mumulete mutoto mbio," akasema, "kabla sijapata kitu ingine ya kuomba."