Reli Iliyopinda Machoni pa Masinde

Asubuhi hiyo kwenye bandari ya Port Bell, Kampala, Masinde alipiga filimbi kwa nguvu na kusimamisha behewa lililokuwa likisukumwa kuingia kwenye feri.

"Simamisheni! Reli imepinda!"

Odoch, aliyefanya naye kazi gatini tangu ujana wao, akachuchumaa akaikagua. "Mzee, reli imenyooka. Hebu angalia tena."

Masinde akaangalia. Kwake ilijikunja kama nyoka. Wenzake wakacheka, naye akacheka nao.

Alikuja Kampala kutoka Bungoma akiwa kijana, akamwoa Nafuna, wakakaa Luzira, jirani na bandari. Kwamba ana sukari, alijua. Dawa alimeza alipojisikia vibaya. Akipata nafuu, aliziacha. Nafuna alisema mpaka akachoka.

Hospitalini, Daktari Okullo hakumzungusha. "Sukari imeharibu mishipa midogo nyuma ya macho. Inavuja maji, na retina, sehemu inayopokea mwanga, imevimba pale pale unapoonea."

"Miwani haitasaidia?"

"Hapana, mzee."

Walimchoma sindano ndani ya macho, mwezi baada ya mwezi. Jicho la kulia halikuitikia kabisa. La kushoto lilipata nafuu, kisha likavimba upya, maana utando ulikuwa umeota juu ya retina na kuivuta. Ukabaki upasuaji wa kuubandua. Daktari hakuahidi kitu. "Tunajaribu kuokoa kilichobaki," alisema.

Bandeji ilipotolewa, Nafuna alikuwa amesimama mbele yake. Alimwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza, kama kawaida.

"Baba Wanyama, unaniona?"

"Nakuona."

"Nimefunga kitambaa cha rangi gani?"

Masinde akakaza macho. Aliona mwanga wa dirisha, aliona ukingo wa kitanda. Uso wa mkewe ulikuwa moshi mtupu.

"Mama Wanyama," akasema, "ungeniacha kidogo na uongo wangu."

Nafuna akamshika mkono. Wakalia wote wawili.

Uvimbe ulipungua, moshi haukuondoka: njia aliiona kwa pembeni, nyuso hakuziona. Kazi ya reli ikaisha. Kisha majirani wakaanza kusema Masinde siku hizi anajivuna, anapita watu kama miti. Hata Odoch, aliyemwona akitembea vizuri, alimpungia mkono barabarani, akapitwa, akarudi kwake amenuna. Masinde alipoyasikia hayo, akaanza kusalimia kila kivuli. Siku moja aliusalimia mlango wa duka, watoto wakaangua kicheko. Tangu hapo hakutaka tena kutoka.

Nafuna ndiye aliyemwendea Odoch na kumweleza. Odoch akauliza kama anaweza kuja.

Sasa huja mara kwa mara. Nafuna huketi kushoto kwa mumewe, upande ambako ukingo wa jicho bado unashika kitu, na kumwambia, "Odoch huyo, anaingia." Masinde huinuka na kunyoosha mkono mapema mno, mgeni akiwa bado mbali uani. Odoch huharakisha hatua, ili mkono ule usikae peke yake hewani.