Salamu Kabla ya Kitabu

Kila Ijumaa baada ya ibada nilifundisha Kiingereza sebuleni kwangu, mtaa wa Al Thumama, katika nchi ya Kiarabu nilikohamia kikazi. Wanafunzi wangu walikuwa watu wazima wanne wanaozungumza Kihispania, wote wakitaka kujiunga na chuo cha jamii. Mimi ni karani wa ghala, Mkenya. Kiingereza nilijifunza mwenyewe kwa kamusi na redio, na ninafundisha kwa utaratibu ulionifaa mimi.

Aliyenishughulisha zaidi ni mama mmoja wa Kolombia, mwokaji mikate katika hoteli moja ya mji wa Lusail. Kuandika aliandika vizuri, lakini mgeni akimuuliza swali alinyamaza kabisa. Chuo hakimpokei mtu asiyepita mahojiano ya Kiingereza, na yeye alikuwa ameshaanguka mara moja.

Nikaamua kila somo lianze kwa salamu za Kiingereza, ndefu kama za kwetu: habari za nyumbani, za kazi, za watoto, za safari. Ukiulizwa ujibu, kisha nawe uulize. Kitabu hakifunguliwi kabla salamu hazijaisha.

"Mwalimu," akauliza dereva mmoja wa Peru, "kwenu mkisalimiana hivi, chakula hakiungui?"

"Kinaungua. Ndiyo maana tunaulizana na habari za jikoni."

Yule mama akacheka, kisha akatueleza habari za tanuri lake mpaka tukamkatiza.

Siku ya mahojiano nilimngoja nje ya chuo. Alitoka ameshika kichwa.

"Nimeharibu, mwalimu! Nimemuuliza mtahini habari za watoto wake."

"Za watoto wake?"

"Mdomo ulianza wenyewe. Nyumbani, kazini, watoto..."

"Akasemaje?"

"Alitazama saa. Halafu akasema wa mwisho ana homa, hawakulala. Nikamwambia wangu alipougua nilikwenda kazini nasinzia, mikate yote ikakosa chumvi. Tukacheka, tukaongea, muda ukaisha."

"Na maswali yake?"

"Hakuyafikia."

Sikuwahi kuwaambia kwamba maofisini salamu hufupishwa.

Ijumaa iliyofuata aliingia na mkate wa moto ndani ya kitambaa.

"Matokeo vipi?" nikauliza.

Akainua mkono. "Salamu kwanza, mwalimu."

Wenzake wakapiga makofi. Nikajibu moja baada ya nyingine, za nyumbani, za ghalani, za safari, kisha nikamuuliza habari za kazi.

"Kazi ni njema," akasema kwa Kiingereza kilichonyooka, "ila nitaomba zamu ya asubuhi. Jioni nitakuwa chuoni."

Nilijivuna, sifichi. Kitabu hatukukifungua siku hiyo.