Nilivyoikuta Barua ya Uhamiaji Ndani ya Pipa la Mchele

Nilizamisha kikombe kwenye pipa la mchele, kikagonga kitu.

Nikaingiza mkono. Ikatoka bahasha ya serikali, imeandikwa jina langu kamili: Lâm Ngọc Hân.

Niliifungua palepale. Mimi na mume wangu tunaitwa ofisi ya uhamiaji, kwenye usaili wa ombi langu la ukaazi wa kudumu.

Lini? Kesho yake, saa tatu asubuhi.

Na barua yenyewe iliandikwa wiki tano nyuma!

Jamani!

Mimi ni Mvietinamu wa Cà Mau. Nimeolewa hapa Taiping, Malaysia, na ule ulikuwa mwaka wa tisa. Miaka yote hiyo niliishi kwa kibali cha mke. Kila mwaka mume aende nami, aweke saini, nipewe mwaka mwingine. Asipoweka, nifunge virago.

Ombi nililipeleka miaka mitatu kabla. Tangu siku hiyo sikutulia. Naanika nguo, sikio liko getini. Pikipiki ya posta ikipita, moyo paa!

Sasa nani kaificha?

Nyumbani tuko watatu tu. Mimi, mume wangu Kok Siong, na mama yake, bibi wa miaka sabini na nane, magoti mabovu ila mdomo mzima kabisa. Supu yangu kwake ni "maji ya kuoshea samaki." Lakini hajui kusoma hata herufi moja, kwa hiyo hata sikumfikiria.

Akabaki mmoja.

Nilikwenda mbio mpaka gereji yake ya pikipiki. Wateja wawili walikuwa wamekaa wanakunywa kahawa. Sikujali.

"Hii nini?"

Kok Siong akafuta mikono, akasoma. "Heh! Kesho? Umeitoa wapi?"

"Usinifanye mjinga. Kwenye mchele, ulipoificha!"

"Mimi? Niifiche ili iweje?"

"Ili nisipate kadi ya ukaazi. Ili kila mwaka nije kukupigia magoti kwa saini yako!"

Wale wateja wakaanza kuchunguza vikombe vyao.

Hakupandisha sauti. Alisema tu, "Hân, miaka tisa. Kumbe hivyo ndivyo unavyonijua?"

Nikamjibu, "Ndiyo."

Neno hilo linanichoma mpaka leo.

Kurudi nyumbani, Mama amesimama jikoni, kashika mfuniko wa pipa.

"Umetoa nini humu?"

"Barua, Mama. Kesho tunakwenda uhamiaji."

Akanyamaza. Yeye, kunyamaza! Halafu akasema, "Na mimi naenda."

"Na magoti hayo, Mama?"

"Nimesema naenda. Kwani magoti ni yako?"

Kesho yake, ndani ya gari, hakuna aliyemsemesha mwenzake. Pale ofisini nilikaa, nikasimama, nikakaa tena. Nilikwenda chooni mara tatu na wala sikuwa na haja.

Namba yetu ikaitwa. Mama akaning'ang'ania mkono wa blauzi, tukaingia wote watatu.

Afisa alikuwa mwanamke wa Kimalei, kavaa ushungi na miwani. "Bibi asubiri nje, tafadhali."

Mama hakubanduka. Akaanza kwa Kimalei chake cha sokoni, "Bi mkubwa, nakuomba, usimfukuze."

"Hakuna anayefukuzwa hapa, bibi."

"Wacha wee! Mtoto wa jirani yangu alioa binti wa Medan, kule Indonesia. Ikaja barua kama hiyo, ina nembo ya serikali, simbamarara wawili hapo juu. Wiki haikuisha, binti hayupo! Sasa hii ilipokuja, mimi nikaifukia kwenye mchele. Nikasema, isiposomwa, haondoki mtu. Akienda huyu, nani ataniogesha? Nani atanigombeza mpaka nimeze dawa?"



Kok Siong akanitazama, mara ya kwanza tangu jana yake. Nikainamisha uso. Natamani ardhi ipasuke.

"Bibi," afisa akasema taratibu, "barua hii imemwita kwa sababu ameomba kubaki."

Mama akamgeukia mwanawe. "Kwa nini hukuniambia?"

"Mama, si ungeniuliza!"

"Ningekuuliza, si ungeisoma!"

Afisa alicheka mpaka akavua miwani.

Akaja kwangu. "Haya, dada. Kwa nini unataka kubaki Malaysia?"

Jibu nilikuwa nimelikariri miaka mitatu. Liliyeyuka lote.

Nikasema, "Kuna mtu nimemkosea hapa. Siwezi kuondoka kabla sijayatengeneza."

Aliandika kitu. Sikujua ni kizuri au kibaya.

Kadi nyekundu ya ukaazi wa kudumu ilitoka miezi kumi na minne baadaye. Kok Siong alinisamehe kwa mdomo siku ileile ya usaili. Kwa moyo ilichukua muda, na sikumlaumu.

Ndugu yangu unayesoma, ukiishi muda mrefu kwa kibali, unaanza kumwona kila mtu kama afisa, hata anayelala ubavuni mwako. Mimi nilimsaka adui ndani ya nyumba yangu, nikakuta bibi kizee anayeogopa kuachwa.

Siku ukitendewa jambo usilolielewa, usikimbilie kuuliza nani anakuchukia. Uliza kwanza nani anaogopa.