Kichwa Kilichosukwa Nusu

Juzi nilipita nje ya saluni moja hapa Mwanjelwa, Mbeya, ninakoishi sasa, nikakutana na harufu ya rasta zilizochovywa kwenye maji ya moto. Wanawake wenzangu mnaijua. Ni harufu ya plastiki iliyokaribia kuungua, imechanganyika na mvuke na mafuta ya nywele. Wengine huwakumbusha sikukuu. Mimi hunisisimua ngozi ya kichwa, na siku hiyo nilijikuta nimesimama barabarani nimejishika utosi, watu wakinishangaa.

Mama alikuwa na saluni Kihesa, mjini Iringa, pamoja na rafiki yake Mama Sekela. Mama ni Mhehe wa palepale. Mama Sekela ni Mnyakyusa aliyeletwa Iringa na ndoa, na hadi leo akikushukuru husema "ndaga" kabla hajakumbuka kusema asante. Walikuwa na mtindo wao wa kusuka kichwa kimoja watu wawili: mama upande wa kulia, Mama Sekela upande wa kushoto, kila mmoja anaanzia sikioni na wanakutana utosini. Wasusi wengi husaidiana hivyo, ila kwa wengi ukitazama vizuri utaona upande mmoja umekazwa kuliko mwingine. Kwa hawa wawili hukuona kitu. Wateja walikuwa wakijikagua kwenye kioo wakitafuta mpaka na kuukosa, na wale wawili wakicheka kwa kujisifu.

Kichwa changu ndicho kilikuwa cha mazoezi. Kila mtindo mpya ulianzia kwangu, nikipenda nisipende, kwa hiyo niliijua mikono yao kuliko walivyoijua wenyewe. Ndiyo maana nilikuwa wa kwanza kujua kwamba wamekosana.

Ngoja niwaambie mapema jambo ambalo mimi mwenyewe nilikuja kulijua baadaye sana, ili msihangaike kama nilivyohangaika. Wiki chache kabla, mama alilazwa hospitali ya Tosamaganga. Mimi niliambiwa ni homa, nikapelekwa kwa bibi. Kumbe mimba yake ilikuwa imeharibika. Alirudi kazini baada ya wiki na zaidi, amekonda, na Mama Sekela akampokea kwa "umeamkaje" ya kawaida, akampa kitana, wakaendelea na kazi. Hakuuliza alikuwa wapi. Hakusema pole. Mama naye hakusema kitu. Kwetu mtu akilazwa, hata jirani mliyenuniana naye huja na chupa ya uji akae dakika mbili kwenye kiti. Rafiki wa kula sahani moja asipotokea, hilo si jambo dogo, na mama alilimeza hivyohivyo bila maji.

Juu ya kioo cha saluni ilikuwepo televisheni, na kwenye televisheni ilikuwepo tamthilia ya nje iliyotafsiriwa Kiswahili. Mji mzima ulikuwa unaifuatilia. Ilihusu marafiki wawili, Odeta na Karina. Odeta aliugua akalazwa, Karina hakwenda kumwona. Alipotoka hospitali wakakutana sokoni, Karina akamsalimu kama jana walikuwa wote, na Odeta akatabasamu, akaenda nyumbani, akafunga mlango. Tangu siku hiyo hawakuelewana, na saluni yetu nayo haikuelewana.

"Kosa ni la Karina," mama alisema. "Mtu akipotea wiki nzima, rafiki anauliza."

"Angeulizaje?" Mama Sekela alijibu. "Odeta mwenyewe kanyamaza. Mtu anaficha ugonjwa wake halafu anataka watu waje? Waoteshwe?"

Wateja waligawana. Dada Rehema, aliyeuza mitumba mlango wa pili na hakuwa na nywele za kusuka ila alikuwa na muda, aliweka kambi kwetu kila siku kuchochea. Aliwaita watu Timu Odeta na Timu Karina. Mwanzoni ilikuwa raha. Nilikuwa na miaka kumi na niliona fahari kwamba mama yangu ni kiongozi wa timu.

Kisha nikaanza kuumia. Mama akisema neno juu ya Karina, upande wa kushoto wa kichwa changu unavutwa. Mama Sekela akijibu, unavutwa wa kulia. Niliposema "aa!" kila mmoja aliomba radhi kwangu, lakini hakuna aliyemtazama mwenzake. Wakaacha kuchekea kioo. Wakaacha kula pamoja. Mama Sekela akaanza kwenda kwake mchana, anarudi amechelewa, amejifunga vitenge viwili kwa kisingizio cha baridi ya Juni. Siku moja nikamsikia mama akimwambia baba kwamba anafikiria kutafuta chumba kingine cha biashara, peke yake. Mama Sekela ndiye aliyenifundisha kufunga viatu. Sikujua nitamwitaje tukihama, kama nitaruhusiwa hata kumsalimu.

Ikafika Jumamosi moja ambayo kesho yake nilikuwa napokea komunyo ya kwanza. Gauni jeupe lilikuwa limeshapigwa pasi na kutundikwa. Wakaniweka kwenye kiti mchana, mama kulia, Mama Sekela kushoto, rasta ndogondogo. Nilifurahi kwa sababu nilijua hawawezi kutengana bila kunimaliza. Televisheni ilikuwa inaonyesha marudio ya wiki, na Dada Rehema alikuwa amekaa kwenye benchi anakula karanga.

Kikaja kipande ambacho wote tulikuwa hatujakiona, kwa sababu siku yenyewe umeme ulikatika. Karina yuko nyumbani kwake. Simu inaita. Anapokea, anasikiliza, anasema, "Odeta? Amelazwa?" Anakata. Anaiweka simu kwenye droo, anaifunga droo, anakaa.

"Haa!" Dada Rehema aliruka, karanga zikamwagika. "Alijua! Mama Sekela, mtu wako alijua muda wote! Leo utasema nini?"

Saluni ikacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu mkono wa kushoto ulikuwa umesimama kichwani kwangu. Haukuvuta wala kulegeza. Kwenye kioo nilimwona mama akigeuza uso polepole kumtazama Mama Sekela, na hakuwa anatazama kama mtu aliyeshinda ubishi. Alitazama kama mtu aliyesikia mlango wa ndani ukifunguka nyumbani kwake wakati anajua hakuna mtu.

Mama Sekela aliachia ule msuko katikati. Akachukua mkoba wake.

"Naenda," alisema, akatoka.

Tukabaki. Upande wangu wa kulia ulikuwa umekwisha, unang'aa. Wa kushoto ulikuwa na misuko michache sikioni na kichaka kilichobaki. Dada Rehema, aliyekuwa ameanza kushtuka kwa alichokifanya, alisema, "Mama Debora, si ummalizie tu mtoto? Kesho ana kanisa."

"Huo si upande wangu," mama alisema. Akamalizia wa kwake, akachovya ncha kwenye maji ya moto, akafuta vitana, akafagia sakafu ambayo ilikuwa safi. Mimi nililia. Nawaambia kweli, niliona aibu yote ya kesho: mapadri, picha, watoto wa darasa letu, na mimi mbele yao na nusu kichwa. Mama alinitazama nikilia, hakuninyamazisha. Akanifunga kitambaa, akanishika mkono, tukatoka jua likiwa bado lipo.

Mama Sekela tulimkuta uani kwake anamenya ndizi za kupika. Alituona, hakuinuka.

"Kichwa cha mtoto hakijaisha," mama alisema.

"Naona."

Kisu kikaendelea. Mama alibaki amesimama, na sauti iliyofuata sikuwahi kuisikia kwake. "Ulijua?"

"Nilijua siku ileile. Baba Debora alinipigia."

"Na hukuja."

"Nilivaa." Mama Sekela aliweka kisu chini. "Nilivaa nije, nikajitazama kwenye kioo, nikavua. Kesho yake nikavaa tena, nikavua tena."

Akasimama, akafungua kitenge cha juu, kisha cha chini. Hata mimi niliona. Tumbo lilikuwa limeshafanya mviringo, dogo bado, lakini halina ubishi. Sekela, mtoto wao mmoja, alikuwa mkubwa kuliko mimi, na watu walikuwa wameshaacha kuwauliza habari za mdogo wake.

"Ningeingiaje wodini na hili, Mama Debora?" alisema. "Wewe umelala pale umepoteza la kwako, mimi nakuja na la kwangu mbele, nakwambia pole? Ungeniona mtu gani?"

Mama alimsogelea.

"Ungekuja nalo," alisema. "Nililala kule natazama mlango. Kila ukifunguka nasema ndiye. Ungekuja nalo hivyohivyo."

Mama Sekela akaanza kulia, na mama akalia, na mimi nikaongezea sauti yangu kwa sababu niliona ni wakati wa kulia. Baadaye wakanikalisha kwenye kigoda, Mama Sekela akanawa utomvu wa ndizi mikononi, akamaliza upande wake. Hakukaza. Mpaka leo kwenye picha ya komunyo ukitazama vizuri unaona kushoto kumelegea kidogo.

Msidhani mambo yalinyooka siku ileile. Walikaa muda mrefu wakiongea kwa adabu, kama wakwe. Dada Rehema alipouliza tena habari za Karina, mama alimwambia akauze nguo. Chumba kingine hakikutafutwa.

Mama Sekela alijifungua Tosamaganga, mtoto wa kiume. Tulikwenda kumwona asubuhi, mama amebeba chupa ya uji, mimi nimebeba vikombe. Tulipofika mlango wa wodi ya wazazi mama alisimama. Manesi walipita, wageni wengine walipita, na yeye bado kasimama anakitazama kitasa. Nilimvuta, nikamwambia uji unapoa. Nilidhani amesahau namba ya kitanda.

Nilikuwa mtu mzima, nimeshaambiwa yote, ndipo nilipoelewa kwamba wodi ile alikuwa anaijua mpaka nyufa za dari, na kwamba aliyelala ndani naye alikuwa anatazama mlango. Mama alinitazama, akasema, "Twende, mwanangu," akaufungua.