Siku Nilipoifungua Bastola ya Kaka

Iko Jumapili moja ambayo ningetoa chochote niifute, mwanangu, na haifutiki. Nilikuwa binti wa miaka ishirini na minne, fundi cherehani pale Mugoma, na kichwa kimenivimba kwa sifa. Sisemi fundi wa kushona. Kushona nilijua, lakini kazi yangu hasa ilikuwa kuzitengeneza mashine zenyewe. Masista walionifundisha ushonaji ndio walioniachia niguse cherehani zao zilipoharibika, wakaona mkono wangu ni mwepesi.

Basi mwaka ule wakimbizi walipofurika Ngara na milima ikajaa mahema ya turubai, mafundi waliovuka mpaka na mashine zao kichwani wakawa wananiletea mimi. Tulielewana vizuri, maana Kihangaza chetu na Kirundi chao havipishani sana. Mashine iliyoshindikana kambini ilifika kwangu Jumatatu, na Jumatano ilikuwa inashona. Nikaanza kujigamba kwamba hakuna chuma chenye springi kitakachonishinda. Niliyasema hayo kwa mdomo wangu huu huu.

Kaka yangu Adriano ndiye aliyetulea baba alipofariki. Alikuwa na pikapu ya kubebea maharage na ndizi kutoka Ntobeye, akipeleka kambini na mpaka Biharamulo. Barabara ya msituni ilikuwa mbaya miaka hiyo. Magari yalisimamishwa mchana kweupe, watu wakavuliwa hadi viatu. Wengi walizoea kusema kila jambazi ni mkimbizi. Uongo mtupu, wenyeji walikuwemo, tena wengine tulikuwa tunasali nao. Kaka akaomba leseni ya silaha. Akahojiwa kijijini, akahojiwa wilayani, akazungushwa karibu mwaka mzima, mwishowe akaruhusiwa kumiliki bastola ndogo ya kuvaa kiunoni, na kitabu chenye namba yake.

Shida ilikuwa kidole. Utotoni kidole chake cha shahada, mkono wa kulia, kilisagwa na mashine ya kumenya kahawa, kikapona kimekakamaa. Triga ya ile bastola ilikuwa nzito kwake. Siku ya kuijaribu mbele ya askari alilazimika kuivuta kwa vidole viwili, na askari wakacheka. Kaka hakuwa mtu wa kupenda kuchekwa.

Jumapili hiyo, baada ya misa, alikuja kula kwangu kama kawaida yake. Tulipomaliza akalalamika habari za triga.

"Nikivamiwa njiani," akasema, "mpaka nimalize kuvuta, mtu keshanikata."

"Ilete niione," nikamwambia.

"Hapana. Afisa aliyenipa leseni alinionya. Silaha ni ileile iliyoandikwa kwenye kitabu. Ikinisumbua niirudishe kwao na barua, waipeleke kwa fundi mwenye leseni ya silaha. Mtu mwingine akiigusa ndani, ni kosa langu na kosa lake."

"Na hiyo barua itajibiwa lini, ukishazikwa? Kaka, unaogopa karatasi. Mimi nikifungua cherehani naomba kibali kwa nani?"

Nikamwona anashindwa, nami nikafurahi kumshinda, maana ni mtu ambaye hakuna aliyekuwa akimshinda pale nyumbani. Ujinga wangu wote ulikuwa hapo. Niliona chuma ni chuma, na kwamba mtu akishanunua kitu ni chake, ndani na nje. Sikujua kwamba bastola hata ukilala nayo miaka kumi, serikali haijakuachia uifanye utakavyo.

Akatoa risasi, akaiweka bastola mezani. Nilichofanya ndani yake sikwambii, na usiniulize. Ilikuwa kazi ya saa moja. Nilipomrudishia akavuta kwa kidole kile kile kibovu, ikaenda bila taabu. Akacheka, akasema, "Mdogo wangu, wewe si wa kawaida." Wiki nzima nilitembea na neno hilo.

Miezi miwili baadaye, saa nne asubuhi, kaka na utingo wake Fidelis walikuta gogo barabarani, upande wa Nyamahanga. Vijana watatu wakatoka porini na mapanga. Mmoja akafungua mlango wa kaka. Bastola ikalia mara moja tu. Wawili wakakimbia, yule mmoja akabaki chini. Alikuwa na miaka kumi na tisa, mwenyeji wa hapo hapo Nyamahanga.

Kaka alijipeleka polisi mwenyewe, na mwili wa kijana garini. Siku za kwanza walimchukulia kama mtu aliyepatwa na mkosi. Panga lilikuwepo, gogo lilikuwepo, Fidelis aliona panga limeinuliwa. Askari mmoja mtu mzima alimwambia mama yetu asilie, sheria inamruhusu mtu kujitetea. Kisha bastola ikapelekwa kwa mtaalamu wa silaha, kama inavyofanyika mtu anapokufa. Mtaalamu akaifungua. Ripoti yake iliporudi, habari za panga zikawekwa pembeni. Swali likawa moja: nani aliyeichezea bastola hii?

Kaka akajibu, "Sijui."

Hilo ndilo lililommaliza. Mtu bastola iko kiunoni mwake kila siku, halafu hajui nani kaigusa? Alionekana mwongo, na alipoonekana mwongo kwa hilo, hata panga akaonekana amelitunga. Fidelis naye wakasema anamtetea tajiri yake. Kaka akashtakiwa kwa kuua, akawekwa rumande. Kaka alikuwa ananikinga mimi, na mimi nilijua.

Wakili ambaye kaka alipewa na serikali alipanda mpaka kwetu Mugoma, akaketi kwenye kigoda cha mama, akazungumza bila kuzunguka.

"Mwendesha mashtaka atasema hivi: mtu aliyeilegeza bastola yake alikuwa anatafuta wa kumpiga. Akijitokeza aliyeilegeza, akaeleza kuwa ni kwa ajili ya kidole kibovu, wazee wa baraza wanaokaa na jaji watakiangalia hicho kidole na ndugu yenu ataaminika. Huyo fundi naye atashtakiwa, sitawadanganya. Lakini hatashtakiwa kwa kuua."

Alipoondoka, mama alikuwa anachambua maharage. Hakuinua sauti. "Mimi sikutumi," akaniambia. "Nimekuzaa, siwezi kukutuma jela. Lakini na yule nimemzaa." Akaendelea kuchambua.

Kesi ilikaa zaidi ya mwaka. Mahakama Kuu ilipokuja kufanya kikao wilayani, nilikuwa nimeshaposwa, na tangazo la ndoa limesomwa kanisani Jumapili mbili, imebaki moja. Niliondoka nyumbani nikijiambia naenda kusema. Njia nzima nilikuwa nayapanga maneno. Nikaingia, nikakaa benchi la nyuma, karibu na mlango.

Pembeni yangu alikaa mama mmoja amejifunga kanga ya zamani. Akaniuliza, "Binti, wewe ni ndugu wa nani?"

"Nimekuja kusikiliza tu," nikasema.

"Mimi ni mama wa marehemu. Wanasema mwanangu alikuwa mwizi. Inawezekana, siwezi kubisha. Ninachotaka kujua ni kama yule bwana alikusudia kumuua, au bastola ilijifyatukia."

Mtu pekee mle ndani ambaye angeweza kumsaidia na swali hilo nilikuwa mimi, na hata mimi sina jibu kamili. Mpaka leo sijui kama alifyatua kaka au nilifyatua mimi. Lakini ningeweza kumwambia kwa nini sijui, na sikumwambia. Alinigawia karanga zake, nikala.

Kaka akaulizwa kizimbani nani alifungua bastola. Alichelewa kujibu. Akaulizwa tena, akachelewa tena, anatazama watu kwenye mabenchi. Mara ya tatu akasema, "Sijui, mheshimiwa." Mimi mikono iko katikati ya magoti, naibana. Akapatikana na hatia ya kuua bila kukusudia, na ya silaha juu yake. Miaka saba. Nilitoka kabla hawajamshusha. Jumapili iliyofuata tangazo la tatu likasomwa, hakuna aliyekuwa na pingamizi, nikaolewa. Mama alikuja harusini, akala kidogo, akarudi kwake. Alifariki wakati kaka bado yuko gerezani, na habari ile hakunitamkia tena.

Kaka alipotoka, nilimpelekea chakula. Nilimkuta amekonda, nywele nyeupe.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba."

Alikula, nami nikatoa maneno yangu niliyoyaandaa miaka yote: kwamba ni yeye mwenyewe aliyesema hajui, kwamba niliona anataka niokoke, kwamba nisingeweza kumgeuza mwongo mbele ya jaji. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nilisema sijui kwa sababu kukutaja nisingeweza," akasema. "Siku ile ulikuja?"

"Nilikuja."

"Ulikaa wapi?"

"Nyuma kabisa, mlangoni."

"Nilikuwa nakutafuta," akasema. "Kila nilipoulizwa nilichelewa kujibu, ili upate nafasi ya kusimama."

Akanawa mikono, akanishukuru kwa chakula. Aliishi miaka tisa baada ya hapo, tukisalimiana vizuri kila tulipokutana, na Jumapili hakuja tena kula kwangu. Nilistahili, na inaniuma vilevile.

Siku hizi nawaona mnatazama kwenye simu watu wa nchi za mbali wakifungua bastola zao na kubadilisha vyuma vya ndani kama mtu anabadilisha pedeli ya baiskeli, na tayari mnatafuta fundi wa kuwafanyia hivyo. Nisikilize mimi, mwanangu, niliyewahi kuwa fundi huyo. Leseni uliyopewa ni ya bastola ilivyo siku ile. Ikiwa nzito, ivumilie, au irudishe kwa waliokupa na uombe nyingine, hata wakuzungushe mwaka. Siku utakayojitetea kwa haki kabisa, wataifungua kwanza hiyo bastola kabla ya kukusikiliza wewe, na wakikuta mkono wa mtu mle ndani, haki yako yote itatiliwa shaka. Na wewe fundi unayesifiwa, usikubali, hata anayekuomba awe amekulea. Kama umeshaigusa, nenda ukaseme siku ya kwanza, bado ni kosa dogo. Ukingoja, utazoea kungoja.

Mungu akubariki kwa kazi ya mikono yako, mwanangu. Akupe ndugu wa kukukinga unapokosea. Na siku ndugu huyo atakapoulizwa mbele ya watu, akachelewa kujibu, Mungu akupe miguu ya kusimama.